Upepo Kwenye Breki za Mama

Gari la mama lilikuwa linasimama, hilo hakuna aliyelibishia. Ubaya ni kwamba lilikuwa linasimama pale lilipotaka lenyewe. Jumamosi hiyo asubuhi liliingia gereji kwa haraka isiyolingana na umri wake, likapita pipa la mafuta machafu, likampita paka aliyejinyoosha juani, likaenda kutua kwenye rundo la matairi makuukuu ambayo mpaka siku hiyo hakuna aliyejua yamewekwa pale kwa kazi gani. Matairi yalilipokea kwa upole. Moja la juu likateleza, likabingirika taratibu hadi nje, likavuka barabara na kwenda kulala mlangoni mwa gereji ya ng'ambo.

Mama alishuka, akajifunga upya mtandio wake, akaufunga mlango wa gari kwa kiganja.

"Breki nimeanza kukanyaga tangu pale dukani," alisema. "Pedali inazama mpaka sakafuni, inajipumzisha huko, ndipo inaanza kufikiria. Nyie watoto mmenifanyia nini humu?"

Swali liliwahusu watu wawili, na wote wawili walilisikia vizuri sana. Upande wa kulia wa gereji alisimama mwanawe mkubwa, aliyeitwa Bonge kwa sababu zilizojulikana zaidi na mkanda wake. Upande wa kushoto alisimama mdogo wake, Njiti, mrefu na mwembamba kiasi kwamba akitaka kuingia chini ya gari hakuwa na haja ya jeki. Wiki ile ile ndio hawa waliobadilisha breki za mbele za gari la mama yao, kila mmoja gurudumu lake, na kila mmoja kimya chake.

Maana hawakuwa wakisemeshana. Hawakuwa wakisemeshana tangu kisa cha birika.

Birika lilikuwa la marehemu baba yao, kama ilivyokuwa gereji yenyewe. Lilikuwa zito, limepinda mdomo, na linachelewa kuchemka, lakini baba alilipenda, na wao wakalirithi kwa heshima zote. Siku moja waliporudi kutoka kununua vipuri walilikuta jikoni, lile jiko dogo la kwenye kona, likiwa kavu na jekundu, tako limetoboka. Bonge akasema Njiti ndiye aliyeliacha motoni. Njiti akasema ni Bonge. Kila mmoja akaapa, na kila mmoja akamwona mwenzake anaapa uongo mchana kweupe, na hilo ndilo lililowachoma kuliko birika lenyewe.

Njiti akachukua chaki akachora mstari katikati ya sakafu. Bonge akaurefusha mpaka juu ya meza ya kazi, ili kusiwe na udanganyifu. Kuanzia hapo kila gari lililoingia liliegeshwa juu ya mstari, na kila fundi akawa na nusu yake. Mwalimu mmoja alirudishiwa gari lililong'arishwa upande mmoja, akashauriwa awe analiegesha karibu na ukuta. Pale ambapo kazi ililazimisha maneno, ndugu hao walivitumia vyombo. Bonge aliiambia spana yake, kwa sauti ya kusikika, kwamba kuna mtu amechukua koleo. Njiti aliiambia jeki kwamba koleo liko mfukoni mwa anayelalamika. Spana na jeki zilijua siri nyingi za gereji ile.

Mama yao mwanzoni alidhani watanuniana mpaka jioni, yaishe. Lakini wanawe walikuwa na vichwa vigumu. Alisema wamevitoa kwa baba yao. Baba yao, enzi za uhai wake, alikuwa na maoni tofauti kuhusu vichwa hivyo vilikotoka.

"Njoo hapa," mama alimwambia Bonge, akamvuta hadi nyuma ya kabati la vipuri. "Unajua mwenzio Jumatatu anahamia ng'ambo?"

"Ng'ambo wapi?"

"Hapo tairi langu lilipokwenda. Yule mwenye ofisi ya vioo amempa kazi. Ovaroli ameshaifua, iko kwenye kamba."

"Aende," alisema Bonge, na akajitia kutafuta kitu kwenye kabati.  Lakini Njiti huyu, ni yeye Bonge aliyemfundisha kushika spana. Alimbeba begani kumpitisha kwenye madimbwi ili viatu vya shule visilowe, na Njiti akamlipa kwa kumvuta masikio alipotaka wakate kona. Gereji bila yeye ingekuwa nusu gereji, na Bonge hakuitaka nusu, hata iwe nusu yake. Alitaka kumwambia asiende. Lakini kulikuwa na sheria, haikuandikwa popote na wote wawili waliishika: atakayeanza kusema, basi huyo ndiye aliyeunguza birika.

"Mwambie wewe, Mama," alinong'ona.

"Mimi? Mimi si spana," alisema mama, akaenda kutafuta ufagio. "Na hilo gari lisipotengenea leo nalipeleka ng'ambo, nikae kwenye viti vyao vizuri."

Usukani ulikuwa kulia, kwa hiyo pedali ilikuwa mali ya Bonge. Aliingia, kiti kikalalamika, akakanyaga. Mguu ulishuka, ukashuka, ukaendelea kushuka mpaka akahisi kama ameteremka ngazi ambayo haipo. Karibu na sakafu ndipo breki ikashika. Akaachia, akakanyaga haraka haraka mara kadhaa, na pedali ikapanda juu kidogo, laini na yenye kudunda, mithili ya godoro jipya. Akaikanyaga na kuishikilia hapo huku akihesabu kimoyomoyo. Haikuzama.

"Spana," alisema kwa sauti, "haizami ikishikiliwa. Maana yake hakuna panapovuja, na silinda kuu ni nzima. Inadunda. Hiyo ni hewa."

Upande wa pili Njiti alikuwa ameshafungua boneti nusu yake, kama boneti inaweza kufunguliwa nusu. "Jeki," alisema, "mafuta ya breki yamejaa. Yasije yakaambiwa yamepungua upande wa mtu."

"Spana, hewa inaweza kuwa mbele au nyuma."

"Jeki, si tubane mipira tuone?"

Hapo ndipo ungewaonea huruma, maana walikuwa mafundi kweli, na kazi ilipowakolea walisahau kidogo kununa. Gari likainuliwa. Kila mmoja alichukua kibanio chake akaubana mpira unaopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu lake la mbele. Bonge akarudi kwenye kiti na kukanyaga. Pedali ilisimama juu, ngumu, hata mama aliyekuwa anafagia aliisikia.

"Enhee!" alisema Bonge, akakumbuka, akaongeza, "spana."

Basi ubaya uko mbele. Nyuma hakuna kosa. Hewa imekaa kwenye kalipa, lile dude la chuma linalobana diski ya gurudumu, na kila kalipa ina nipeli yake, kijiskrubu kidogo chenye tundu la kutolea upepo. Lakini upepo wa gurudumu lake Bonge alishautoa siku ile ile ya kazi, peke yake, kwa chupa na kimpira, mafuta yakatoka safi bila hata povu moja. Na aliamini, ingawa asingekiri hata kwa spana, kwamba Njiti naye alifanya hivyo hivyo kwa ustadi. Sasa hewa imetoka wapi?

Alijilaza chali, akaingiza kichwa kwenye gurudumu lake, akaiangalia kalipa kwa makini. Nipeli ilikuwa chini. Siku ile ya kuifunga pia aliiona iko chini, na roho ilimwambia si kawaida, nipeli inakaa juu kwa sababu hewa hupanda. Lakini wa kumuuliza alikuwa mmoja tu, naye alikuwa ng'ambo ya mstari. Akajiambia labda gari hili limeumbwa hivyo, akakaza bolti.

Akageuza shingo kutazama upande wa pili, chini kwa chini. Akakutana na macho ya Njiti, naye amejilaza chali, naye amegeuza shingo. Nyuma ya sikio la Njiti, nipeli ya kushoto ilikuwa chini vilevile.

Walitazamana. Kalipa ya kulia ilikuwa imefungwa kushoto, ya kushoto imefungwa kulia. Mafuta yalitoka safi kwa chini, na hewa ilibaki juu imejikalia kwa raha zake. Wote wawili walielewa kwa wakati mmoja, na hakuna aliyeweza kusema.

"Mmekufa huko chini?" aliuliza mama.

"Mama," alisema Bonge kwa uangalifu, "siku ile tulipoziosha kalipa tukaziweka mezani, kila mtu upande wake wa mstari, halafu tukaenda kula. Kuna mtu aliigusa meza?"

"Meza ile ya magurudumu? Niliisogeza nifagie. Chini yake kulikuwa na uchafu wa kutisha."

"Ukairudisha?"

"Nikairudisha."

"Ilivyokuwa?"

Mama alifikiri. "Iligeuka kidogo. Meza ni meza, mwanangu."

Iligeuka kabisa, kulia kukawa kushoto, mstari na vyote vilivyokuwa juu yake. Waliporudi, Bonge alichukua kalipa iliyokuwa upande wake bila kutazama kando, na Njiti naye hivyo hivyo, kwa sababu kutazama kando kungekuwa kukiri kwamba kando kuna mtu. Magereji mengine hukosea kwa kutojua kazi. Hii ilikosea kwa kujua mpaka wake.

Walizifungua kalipa. Bonge aliiweka yake sakafuni, akaisukuma kwa ncha ya kiatu mpaka kwenye mstari. Njiti naye akaisukuma yake. Zilivuka pamoja, kama wafungwa wanaobadilishanwa, na kila fundi akaifunga ya kwake, nipeli ikakaa juu inapostahili. Ilibaki kutoa upepo tu. Bonge akanyoosha mkono kuchukua chupa yake.

Chupa haikuwapo. Ya Njiti pia.

"Zile chupa chafu?" alisema mama, akiegemea ufagio wake. "Nimezitupa. Gari la taka limepita sasa hivi, Mungu ni mwema."

Bila chupa, kutoa upepo ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakanyaga pedali na kuishikilia, mwingine anafungua nipeli, hewa inatoka, anaifunga, ndipo wa kwanza anaachia. Anayeachia mapema anarudisha hewa ndani, na kazi yote inakwenda arijojo. Lazima waambizane.

"Mama atakanyaga," Bonge aliiambia spana.

Mama akaketi kwenye usukani kwa furaha. Alikanyaga vizuri sana mara ya kwanza. Mara ya pili alikuwa anawasimulia habari za jirani na mguu ukafuata mazungumzo, ukapanda habari ilipopanda. Alipofika pale jirani alipomkuta mbuzi sebuleni aliachia pedali kabisa, akapiga makofi. Njiti alifunga nipeli yake, akafuta paji la uso, akaikazia macho jeki lakini hakuiambia kitu.

Mama alishushwa. Bonge akapanda. Njiti akabaki kwenye gurudumu la kushoto, akachukua nyundo ndogo akagonga kwenye chuma mara moja. Kanyaga. Bonge akakanyaga. Pigo jingine. Shikilia. Mipango hiyo ingeweza kufaulu, isipokuwa nyumba ya pili kulikuwa na fundi bati, na fundi bati alikuwa na karai la kunyoosha. Ko, likasikika. Bonge akaachia. Ko, ko. Akakanyaga. Ko, ko, ko, ko. Akajitahidi kufuata, jasho likamtoka, kiti kikalia chini yake, mguu ukienda kama wa mshonaji mwenye oda za sikukuu. Nipeli ilikuwa wazi muda wote huo. Mafuta ya breki yalimrukia Njiti kifuani, na hewa ikarudi ndani ya kalipa kwa wingi kuliko ilivyokuwa asubuhi.

Njiti alisimama, fulana imelowa. Aliitazama nyundo. Aliitazama barabara, na kule ng'ambo, na lile tairi lililolala mlangoni. Akaiweka nyundo chini polepole.

"Hivi ng'ambo wanafunga saa ngapi Jumamosi?" aliuliza mama, kama mtu anayejiuliza mwenyewe.

Bonge aliona mkono wa mdogo wake unatafuta kitambaa cha kufutia mikono, kama mtu aliyemaliza kazi. Alijua akimaliza kufuta atatoka, na akitoka leo, Jumatatu itakuwa imekwisha kufika. Alipiga moyo konde.

"Njiti!" alisema. Hakuiambia spana. Alimwambia Njiti. "Niambie kwa mdomo! Mimi sisikii nyundo, nasikia karai tu!"

 Hata fundi bati alipumzika. Paka alifungua jicho moja.

Njiti alimwangalia kaka yake kupitia kioo cha mbele.  Akainama, akapotea nyuma ya gurudumu, na kimya kikarefuka mpaka Bonge akahisi masikio yanamwaka. Basi yameisha, alijiambia. Nimesema mimi, birika ni langu, na mtu bado anaondoka.

"Kanyaga," ilisema sauti kutoka chini.

Bonge akakanyaga kwa moyo wote.

"Shikilia."

"Nimeshikilia."

Nipeli ikafunguliwa. Hewa ikatoka ikitema na kukoroma, na mguu wa Bonge ukashuka nayo hadi sakafuni. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, paji lake la uso limeegemea juu yake. Ilikuwa rahisi kusema bila kuonana.

"Usiende ng'ambo," alisema.

 Spana ilisikika ikigusa chuma.

"Nimesema usiende. Gereji hii ni yetu sote. Sitaki nusu."

"Bado umeshikilia?"

"Nimeshikilia."

"Usiachie, sijafunga." Njiti alikohoa. "Lakini birika sikuliunguza mimi."

"Hata mimi sikuliunguza. Naapa tena. Lakini kama ni lazima liwe la mtu, basi liwe langu, nimechoka kuongea na vyuma."

Nipeli ilikazwa. Ilichukua muda mrefu kuliko nipeli yoyote inavyostahili, na ilisikika pua ikivutwa, ingawa baadaye Njiti alisema ni mafuta ya breki.

"Achia, kaka," alisema.

Kaka. Neno hilo Bonge hakulisikia tangu birika. Aliachia, akakanyaga, akashikilia, akaachia, kushoto kisha kulia, na kila walipoambizana sauti zilizidi kupanda, mpaka wakawa wanapiga kelele za kanyaga na shikilia kana kwamba mmoja yuko mlimani. Pedali ikapanda. Mwisho Bonge alikanyaga na mguu ukakomea juu, imara, kama aliyekanyaga kizingiti cha nyumba yao.

"Mama, jaribu," alisema Njiti.

Mama aliingia, akawasha, akarudi nyuma, akaelekea mlangoni kwa mwendo ule ule wa asubuhi. Alipofika kwenye lango akakanyaga breki kama alivyozoea, kwa nguvu zake zote na za ukoo. Gari lilisimama papo hapo. Mtandio ulimshuka machoni. Ndani ya buti kitu kikabingirika, kikagonga chuma, kikalia ting!

Ndugu wawili walikimbia wakafungua buti. Ndani kulikuwa na birika jipya, linang'aa, limebonyea ubavuni.

"La nani hili?" aliuliza Bonge.

Mama alipanga mtandio wake bila haraka. "Lenu. Nililinunua kwa sababu lile la baba yenu," alisema, akitazama kitasa cha mlango, "nililiunguza mimi. Nilibandika maji nifute mafuta sakafuni, nikatoka kidogo kwa jirani. Ile siku ya mbuzi."

Fundi bati alianza tena kugonga. 

"Mama!" alisema Njiti. "Muda wote huu? Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Hamkuwa mkisemeshana. Ningemwambia mmoja, mwingine angesikia kwa jeki." Alilichukua birika, akalipapasa pale lilipobonyea. "Na hili mmelibonyeza nyie, na breki zenu kali. Mimi simo."

Bonge alimtazama Njiti, Njiti akamtazama Bonge. Walikuwa wamesimama upande mmoja wa gari. Polepole Bonge alichomoa spana mfukoni, akaiinua mbele ya uso wake.

"Spana," alisema, "mwambie Mama kwamba sisi wawili tumenuna."

"Mwambie tumenuna mpaka Jumatatu," alidakia Njiti. "Jumatatu tukishafungua gereji, tutamfikiria."